Mishono Mipana ya Dada Pini

Dada Pini, jirani yangu wa cherehani, hushona huku amebana pini midomoni. Ndipo lilipotoka jina lake, na ndiyo maana ni vigumu kujua anawaza nini. Mwaka huu alipata kazi ng'ambo, kwenye kiwanda cha nguo. Kaka yake, seremala, naye akapata ya kwake katika nchi hiyohiyo. Mama yao anaishi na Dada Pini, na magoti yanamsumbua.

Kaka alitangaza mtaa mzima siku ileile. Kila aliyekutana naye alimuuliza, "Unaondoka lini?" Akavimba kichwa, akagawa hata randa zake. Sasa hata akitaka kubaki, uso atauweka wapi?

Dada Pini aliwaambia shangazi na wateja wawili. Wote walimuuliza, "Na mama je?" Nilitamani kuwarushia mkasi. Watoto wa tumbo moja, huyu anaulizwa tarehe, yule anaulizwa mama. Mbaya zaidi, swali hilo alishajiuliza mwenyewe mpaka akakosa usingizi.

Kiwanda hakukijibu. Akaanza kumshonea mama magauni, moja baada ya jingine, na ndani ya kila mshono akaacha kitambaa cha ziada, upana wa vidole vitatu, ili mama akinenepa fundi yeyote aweze kufumua na kuachia. Sisi huacha kidole kimoja. Alisahau kwamba mama ndiye aliyetufundisha sote kushona.

Nilikuwepo alipompelekea. Mama aligeuza gauni ndani nje, akapapasa mshono.

"Hili ni gauni la mtu anayeachwa," alisema. "Unaenda wapi, mwanangu?"

Dada Pini akatoa pini mdomoni, akasema yote, mpaka habari za magoti.

"Kaka yako aliniaga bila kuuliza nitaishije," mama alisema. "Wewe unaniuliza kwa nguo, na jibu langu hulisubiri. Mama yako mdogo yuko peke yake, kila siku ananiomba tukae pamoja. Na nikinenepa, mafundi wamejaa mjini."

Akachukua mkasi, akapunguza kila mshono mpaka kidole kimoja. Vipande vilianguka sakafuni, na Dada Pini alikuwa analia huku anacheka. Mama akamrudishia gauni.

"Haya. Unaondoka lini?"