Ng'ombe wa Mahari Ukutani

Mimi ni mchoraji pale Igoma, na ukitaka kunikasirisha niulize picha nimeichora kwa siku ngapi. Aliyenunua ile picha ya ng'ombe aliniuliza hivyo hivyo. Nikamjibu, "Siku mbili." Akataka bei ishuke. Nikamwambia siku hizo mbili zimebeba miaka ishirini ya kuchora vibaya. Akacheka, akalipa, akaondoka nayo.

Haikuwa picha ya kuuza. Ilikuwa ya mama: ng'ombe wa mahari yake, walioingia kwa babu kule Magu kabla sijazaliwa. Alinisimulia rangi ya kila mmoja, nikachora, nikamtundikia ukutani. Hakuwahi kuiona. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, akawa anaipapasa tu. Fedha ya upasuaji ilipopelea, naye ameshalazwa, niliishusha.

Walianza na jicho moja. Upasuaji ulikwisha kabla chai yangu haijapoa. Nikamuuliza muuguzi, "Dada, ndiyo hivyo tu? Kwa bei yote ile?"

"Kaka, ulitaka daktari akawie ndani ya jicho la mama yako ndipo uone thamani?"

Nikafyata mkia. Nilikuwa nimesema maneno ya yule mnunuzi, tena hospitalini, mbele ya watu.

Kesho yake walipomfungua bandeji, mama alinitazama muda mrefu. "Umezeeka, baba," akasema. Nililia pale pale, wala sikuona haya. Hadi leo namshukuru daktari yule, na mnunuzi wangu mbishi pia.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja ukutani. Palikuwa na msumari tu.

"Ng'ombe wangu wako wapi?"

"Nimewauza, mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ng'ombe kazi yake nini, kama si kuuzwa mtu akiugua? Babu yako aliwauza hao hao, mmoja mmoja, kila homa ilipoingia nyumbani. Wa kwenye picha nao wamefanya yao."

Wiki nzima nilikuwa nimejiona mwizi.

Akaketi, akaupangusa uso kwa kanga. "Yule mwekundu ulimchorea pembe ngapi?"

"Mbili, mama."

"Alikuwa na moja. Lete rangi zako uchoree hapa hapa. Safari hii naangalia."