Karantini ya Paka

Mimi paka nilimtaka kwa sababu ya panya, basi. Walikuwa wameingia kwenye ghala la ndengu wakajifanya ndio wenye shamba. Kwa hiyo mpishi wa shule ninayofundisha aliponiambia kuna mtoto wa paka amebaki peke yake jikoni, mama yake amegongwa na pikipiki, nilimtia kwenye kiondo nikaondoka naye. Nilipofika nyumbani, hapa nje kidogo ya Siakago, ndipo nikamwangalia vizuri. Nyuma ya sikio hana manyoya. Kwenye paji la uso hana manyoya. Mviringo hapa, mviringo pale, ngozi inabanduka magamba kama unga. Mapunye! Miaka yote hii nimeyaona kwenye vichwa vya watoto wa watu, leo nimeyabeba mwenyewe kwa kiondo.

Nikageuka kumrudisha. Baba alikuwa kwenye kiti chake nje ya nyumba, akitazama kaburi la mama kama kawaida. Tangu tumzike mama, mzee alikuwa amebaki na maneno machache tu: ndiyo, la, na nimeshiba. Hilo la nimeshiba alilisema hata kabla sijapakua. Siku hiyo aliinuka, akachungulia ndani ya kiondo, akasema, "Huyu hatoki hapa. Wala asiingie mwingine."

Nusura niangushe kiondo. Baba yangu alifanya kazi ya josho maisha yake yote, kuogesha ng'ombe wa kata nzima, na ugonjwa ukiingia yeye ndiye aliyefunga njia. Wakubwa na mbuzi wao wa Krismasi aliwarudisha walikotoka. Sasa alichukua panga, akakata tawi la miiba, akalilaza langoni.

"Karantini," akasema.

"Baba, ni paka."

"Kuingia, tutaona. Kutoka, hakuna."

Hapo lazima nieleze habari ya ndugu yangu. Yeye anauza miraa mjini Maua, ana nyumba ya mawe na pikapu, na baada ya mazishi alikata shauri kwamba mzee atahamia kwake. Mtu hawezi kukaa anatazamana na kaburi kutwa nzima, alisema, na mimi nikakubali. Mimi hutoka asubuhi nikarudi jioni, na kila jioni nikikaribia nyumbani roho iko mkononi, nikiogopa nitamkuta ameanguka. Mzee mwenyewe hatukumuuliza, tulimwambia tu. Alijibu, "Nimeshiba."

Basi nikapewa ruhusa ya kutoka, ya kazi na ya dawa tu, nikaenda kwa agroveti, duka la mifugo, kutafuta dawa. Msichana wa pale akauliza, "Ni wa maziwa ama wa nyama?"

"Ni paka."

Alicheka mpaka akashika kaunta. Watu wa huku hawatibu paka, aliniambia, wanatafuta mwingine. Lakini alinipa dawa ya kupaka, akanieleza nipunguze manyoya kuzunguka vidonda, nifue matambara anayolalia, tuvae glavu. Na dawa ya josho nisithubutu, kwa sababu paka hujilamba, itamuua. Glavu alizokuwa nazo ni zile za kupandishia ng'ombe, zinazofika begani. Nikanunua hizo hizo, ningefanyaje?

Laiti mngeona! Mzee mzima amevaa plastiki mpaka kwapani, ameshika kiumbe kinachoenea kwenye kikombe.

"Shika mnyama, Mama," ananiamuru. Mimi nimeitwa jina la nyanya, mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe baba huniita Mama.

"Baba, ni paka tu huyu."

"Shika mnyama!"

Mnyama akaniparura, mnyama akalia kama anachinjwa, baba akampaka dawa taratibu huku akimwambia maneno ya Kimbeere ambayo sijawahi kumsikia akimwambia mtu yeyote. Nikasikia wivu, kusema kweli.

Kitu kimoja tu kilimuuma, kwamba paka haogeshwi dawa ya josho. Kwa hivyo akaamua kutuogesha sisi miguu. Alitandika gunia langoni, akalilowesha dawa, na kila anayeingia lazima akanyage. Mimi na viatu vyangu vya shule, nikanuka dawa ya josho darasani, watoto wakiulizana ni nani huyo. Halafu Jumamosi akaja mchungaji na akina mama wa kanisa kumfariji. Mchungaji alikuwa na viatu vipya, vinang'aa.

"Kanyaga, mchungaji," baba akasema.

"Mzee, tumekuja tu kwa maombi."

"Ombea hapo basi."

Wakaomba wakiwa nje ya miiba. Mchungaji, Mungu ambariki, alipofika mwisho akakumbuka na mifugo ya nyumba hii, na akina mama wakaitikia amina wakiwa wamejiziba midomo kwa leso. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Lakini jioni ile baba alimaliza ugali, akaniuliza kama kuna mwingine. Nikaenda jikoni nikalia juu ya sufuria.

Pamoja na glavu zote, pete ya mapunye ikamtokea mzee kwenye mkono, kwa sababu mchana anavaa plastiki hadi begani na usiku analala na mnyama kitandani. Alikuja kunionyesha kama mtu aliyeshinda kesi. Akajipaka ile dawa ya zambarau ya zamani, jivii, duara kubwa. Nikampigia ndugu yangu simu.

"Weh! Usiniletee hiyo kitu Maua!" akapiga kelele. Na hapo sikumlaumu. Miraa hufungwa kwa mkono, ikashikwa kwa mkono, ikaenda mdomoni hivyo hivyo. Wateja wakisikia kwako kuna mapunye, bunda lako litakauka mezani. "Apone kwanza," akasema. "Akipona nakuja kumchukua siku hiyo hiyo."

Baba alikuwa karibu, akasikia kila neno. Akaenda kuongeza dawa kwenye gunia.

Paka akapona. Manyoya yakaota, panya wakahama, lakini miiba langoni haikuondoka. Kila nikiuliza, jibu ni bado. Mpaka siku moja ndugu yangu akachoka kungoja, akaja na pikapu, godoro tayari limefungwa nyuma. Akasimama nje ya lango, mikono mfukoni.

"Mzee amepona?"

Baba akaja polepole, mkono wa shati umekunjwa, duara la zambarau linang'aa.

"Wewe ni mwalimu, unayajua mapunye," ndugu yangu akaniambia. "Hebu angalia."

Nikaushika ule mkono, nikapitisha kidole gumba. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikatoka yote. Chini yake ngozi ilikuwa laini, haina gamba wala kovu. Ilikuwa imepona zamani, na mzee alikuwa akijichora kila asubuhi.

Nikamtazama. Hakuwa anamwangalia mwanawe, alikuwa ananiangalia mimi. Nyuma yake paka alikuwa amelala juu ya kaburi la mama, kwenye jua.

"Mama," akaniuliza kwa sauti ndogo, "imepona?"

Nilifunika pale mahali kwa kiganja.

"Bado," nikasema. "Bado kabisa."

Ndugu yangu akarudi nyuma. Kisha akaona kidole changu, zambarau mpaka kwenye kucha.

"Na wewe pia?"

"Na mimi pia," nikamwambia. "Hapa hatoki mtu."