Gitaa Lililopigwa Kinyumenyume

Jina la yule fundi redio nalijua. La baba yake nalijua, na la mke wake wa pili. Siyaandiki kwa sababu wajukuu zake wanasoma na wa kwangu. Alichofanya ndicho ninachoandika.

Miaka ya sabini, mimi na mume wangu tulikuwa na hoteli ya chai Maganzo. Wateja wetu walikuwa wachimbaji wa almasi, na kilichowaleta kwetu wakaacha kwa jirani kilikuwa gramafoni, si maandazi yangu. Mume wangu aliinunua kwa Mzungu mmoja wa mitambo ya mgodini aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa na spika mbili, ikiendeshwa na betri ya gari, na ilikuja na santuri moja ya kwao, jalada lake rangi tupu zilizoyeyukiana.

Tulipopiga santuri zetu za dansi, hakuna neno. Tulipoweka ile ya Mzungu, watu wakashusha vikombe. Mwimbaji alianzia spika ya kushoto, akatembea juu ya vichwa vyetu, akaishia kulia. Sauti yake ilijirudia kama ya mtu aliyeitwa akiwa chini ya shimo. Chini ya yote kulikuwa na mlio mmoja usiohama, kama ndono, ule upinde wa kibuyu wa kwetu Usukumani. Na gitaa! Lilianza kama linanyonywa, likavimba, kisha likakatika ghafla, kama limefungiwa mlango.

"Mashine imepandwa na wazimu," mchimbaji mmoja akasema.

"Ipeni chai ya tangawizi itulie!" mwenzake akajibu, wakacheka.

Mume wangu hakucheka. Alimwita fundi.

Alipofika kesho yake, nami nilikuwa nimeshajua. Asubuhi, kabla ya wateja, niliiweka ile santuri, nikaizungusha kinyume kwa kidole. Mwimbaji akawa anabwabwaja, lakini gitaa likanyooka, likalia kama gitaa la mtu yeyote. Basi waliolirekodi waligeuza gitaa peke yake, kusudi, wakaacha vingine vikienda mbele. Darasa la nne sikulimaliza, lakini masikio ninayo.

"Fundi, ubovu haumo kwenye mashine," nikamwambia. "Weka santuri ya dansi usikie. Hawa watu walitaka iwe hivi."

"Mayu," akasema, ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, "nani atengeneze wimbo mbovu kwa makusudi? Haya ni mambo ya waya. Wewe tuletee chai."

Nikamgeukia mume wangu. "Baba watoto, nisikilize. Gramafoni hii ikifa, na hoteli imekufa."

"Mwache fundi afanye kazi yake," akasema.

Siku tatu nilisema hayo hayo. Siku tatu yule mtu alikunywa chai yangu. Aliunganisha spika mbili kwa waya mmoja ili sauti iache kutembea. Halafu akachukua sindano, jamani, sindano ya gramafoni, akaisugua kwa msasa! Aliporudisha kila kitu, santuri ya kwanza ya dansi ikachanwa kama inalimwa. Ya pili nayo. Ile ya Mzungu nilishaificha kwenye debe la unga.

Nikaitoa, nikawaburuta wote wawili mpaka dukani kwa Mhindi wa vitambaa, aliyekuwa na gramafoni mpya nyuma ya kaunta.

"Bwana, tupigie hii," nikamwomba.

Akapiga. Mwimbaji akatembea kushoto kwenda kulia. Gitaa likanyonywa, likavimba, likakatika. Vilevile.

Nikamtazama fundi. Akainama, akatega sikio kwenye spika, akatikisa kichwa.

"Na hii nayo imeharibika," akasema. "Ilete kesho niifungue."

Mhindi akaikumbatia gramafoni yake kama mtoto. "Toka dukani kwangu wewe!"

Njiani mume wangu akauliza, "Mama watoto, ulijuaje?"

"Nilikwambia siku tatu."

"Sikukusikia."

"Ulinisikia," nikasema. "Ulimwamini yeye kwa sababu alikuja na bisibisi."

Sindano nyingine ya kufanana na ile haikupatikana. Wachimbaji walihamia kwa jirani mwenye redio, na mwezi haukuisha tukafunga. Nikakaa kando ya barabara na beseni la maandazi, jua la Maganzo utosini, na yule fundi akapita, akanisalimia, akaomba nimkopeshe mawili. Nikafunika beseni.