Mama Jokébed na Jozi Kumi na Mbili za Kwaya

Kila asubuhi, kabla hajafungua kopo la gundi, Mama Jokébed hukaa kwenye kigoda chake kando ya barabara, katika mtaa wa Vulamba, akiinamisha kichwa na kutazama miguu ya wapita njia. Nyuso hana habari nazo. Ukimsalimia, ataviitikia viatu vyako.

“Ule,” husema, akionyesha kwa kidevu, “anatembea namna gani mu anglais?”

Swali humwendea Nadège, binti wa jirani, mwenye digrii ya Kiingereza na sauti ndogo kama ya mtu aliyechelewa ibadani. Nadège huja kusomea kwenye benchi la wateja, kwa kuwa kwao kuna kelele za wadogo zake. Huinua macho kitabuni, hufikiri, kisha hunong’ona. Mama anayejikokota na gunia la viazi kutoka Musienene, huyo ni *trudge*. Kijana anayetembea kwa maringo kana kwamba barabara ni ya baba yake, *strut*. Mzee anayeburuta kandambili, *shuffle*.

Mambo haya yalianza kwa ajili ya soli. Soli na uzi mzuri Mama Jokébed huvifuata Uganda, akipitia Kamango, na huko alichoka kununua kwa kuonyesha vidole kama bubu. Akaomba afundishwe. Walipofika kwenye neno *walk*, Nadège akamwambia kwamba neno hilo lina ndugu zaidi ya thelathini. Mama Jokébed aliweka nyundo chini.

“Makumi tatu? Na mimi nilizania Bazungu banatembeaka mu motokari tu!”

Tangu siku hiyo hakutaka kufundishwa kitu kingine. Mpaka leo hawezi kuomba maji ya kunywa kwa Kiingereza, lakini akiona mtu anachechemea, atakuambia *limp* bila kumeza mate.

Ng’ambo ya barabara hukaa Zorobabel, fundi viatu pia, ambaye kwa miaka sita amekuwa akiwaambia wateja kuwa mwanamke ashone nguo, kiatu kinataka mkono wa mwanaume. Kwa hiyo Mama Mariette, kiongozi wa kwaya ya akina mama, alipompita Zorobabel na kuleta mfuko mzima kwa Mama Jokébed, mtaa wote uliona. Zilikuwa jozi kumi na mbili za viatu vyeusi, vya kushonwa kingo na kupakwa rangi, maana Jumapili kwaya ilikuwa inakwenda kuimba Beni. Viatu hivyo walivinunua kwenye katoni moja ili wafanane, na vilifanana kweli, namba zikiwa karibu zilezile. Jozi ya Nadège nayo ilikuwamo, kwa sababu Nadège huimba sauti ya pili, mstari wa nyuma kabisa.

Mama Jokébed aliandika majina kwa chaki chini ya soli, kama alivyofundishwa na marehemu baba yake. Jumamosi asubuhi, mvua ikiwa imeacha matope mekundu hadi mlangoni, alichukua beseni na sabuni akaosha kila jozi ing’ae kabla ya rangi. Alipofika kwenye ya mwisho, mkono ulisimama.

“Yesu wangu. Nadège, nimesafisha majina.”

Saa sita akina mama wangekuja.

“Wachague wenyewe?” alisema Nadège.

“Kumi na moja ya bamama, bachague? Kila mutu atashika ile iko muzima kuliko ingine. Batapigana hapa, na Zorobabel ataleta kiti aangalie.” Akatupa jicho ng’ambo. “Kesho kutwa hakuna mutu ataniletea hata sapatu.”

Akafuta mikono kwenye sketi, akazipindua jozi zote, soli juu. Hapo Nadège akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwenye kitabu chochote. Jozi moja ililika visigino peke yake. Nyingine ililika pembeni, kama ya mtu anayekwenda kibata. Moja ililika mbele: ya mama aliyezoea tangu utoto kubeba maharage kwa kamba ya paji la uso, mwili ukimtangulia. Moja ilikuwa na kiatu cha kushoto kizima na cha kulia kimekwisha.

“Andika,” alisema Mama Jokébed. “Mu anglais, basijue.”

Nadège akakata vipande vya karatasi: *waddle*, *trudge*, *limp*, *shuffle*. Jozi moja, ambayo soli yake ilikuwa haijalika popote, Mama Jokébed aliisukuma kando bila kuitafutia neno, akaanza kuzipaka rangi zile nyingine.

Saa sita akina mama wakafika na kandambili zao.

“Mutashuka mumoja mumoja, toka kule ku bomba ya maji mpaka hapa,” aliwaamuru. “Ni contrôle, tupime mwendo. Kule Uganda njo banafanyaka vile.”

“Eh, ma Jokébed!” Zorobabel alipaza sauti. “Unaozesha bamama? Leta yule munene, nimuone muzuri!”

“Shona, baba! Ile kiatu inakuangalia.”

Wakashuka wakicheka. “*Trudge!*” alipaza sauti Mama Jokébed, na Nadège akatoa jozi. “*Limp!*” Ikatoka nyingine. “*Waddle!*” Mama Kahongya mnene akavaa, akajipiga paja: “Wasingya, asante! Mukuu wangu, hata kidole kidogo kinafurahi.” Jozi tisa zikaenda hivyo, na ng’ambo ya pili nyundo ya Zorobabel ilikuwa imenyamaza.

Zikabaki mbili zilizolika visigino, na juu ya zote mbili Nadège alikuwa ameandika *march*, mwendo wa askari. Wa kumi alikuwa Mama Kaswera, muuza mafuta. Wa kumi na moja alikuwa Mama Mariette mwenyewe. Wote wawili walishuka kwa nguvu, kichwa juu. Mama Jokébed alimgeukia Nadège.

“Sasa?” alisema Mama Mariette. “Yangu iko wapi? Mais, munaficha nini?”

Nadège aliangalia soli. Jozi moja ilikwanguliwa nyuma kwenye ukingo, na ncha nayo imelika, ya mtu anayerusha mguu mbali. Aliangalia sketi ya Mama Kaswera, iliyopasuliwa kwa nyuma ili mguu upite.

“*Stride!*” alisema, kwa sauti iliyowafanya wote wageuke. “Mama Kaswera ni *stride!*”

Akampa kila mmoja jozi yake. Mama Mariette aliingiza mguu taratibu, akabonyeza, akapiga hatua mbili, akageuka.

“Njo yangu,” alisema. “Hata Anglais munasema kwa kazi! Kwaya ya babaume nayo itakuja hapa, nitabaambia.”

Zorobabel akaanza kutafuta kitu chini ya meza yake, na hakukipata kwa muda mrefu.

Akina mama walipokwisha kwenda, Mama Jokébed aliipaka rangi ile jozi aliyoisukuma kando, akaifuta kwa kitambaa, akampa Nadège. Nadège aliishika bila kuivaa. Katika miezi yote ile alikuwa akijibu tu. Hakuwahi kumuuliza Mama Jokébed kitu.

“Mama, na mimi ninatembea namna gani?”

“Sijue, mwana. Byako njo nilibitambua bya kwanza: habiyatembea bado.”