Kakenya Alivyolalia Ubavu Uliochomwa

Nilikuwa safarini kwenda Namanga nilipovunjika kifundo cha mguu, na ndivyo nilivyoingizwa wodi ya wanawake katika hospitali ndogo ya Kitengela, mji niliokuwa nimeupita mara nyingi bila kushuka. Ilikuwa 2004. Kitanda cha pili kilikuwa cha Kakenya, mama mzee wa Mashuuru.

Moshi wa miaka ya kupikia ndani ulikuwa umeyachakaza mapafu yake, yakalegea kama mpira mkuukuu. Sasa pafu la kulia lilikuwa na uvimbe, na asubuhi hiyo daktari alikuwa ametoa kipande chake kwa sindano ndefu. Nesi Phylis akamlaza juu ya ubavu uleule uliochomwa.

"Uzito wako ndio unaziba hilo tundu, yeyo, mama yangu. Usiongee, usiinuke. Hewa ikivuja pafu litasinyaa, na wewe hauna pumzi ya akiba."

Lakini wageni walikuja, na kwa Wamaasai salamu haiachwi bila jibu. Margaret, mke mwenzake, akaketi kando yake amjibie.

"Takwenya," mgeni alimsalimu Kakenya.

"Iko," Margaret alijibu kwa Kimaasai. "Hiyo ni yake. Mimi unisalimie tena." Kisha akanigeukia. "Tangu niolewe, huyu hajawahi kuniachia nafasi ya kuongea."

Kakenya akamkazia macho tu.

Mara sauti ya mwanamume ikasikika kwenye korido. Alikuwa Lemein, mume wa binti yake, ameleta maziwa. Kakenya akashika ukingo wa kitanda. Mama mkwe hakai chumba kimoja na mkwe wake, sembuse kulala mbele yake.

"Usiinuke," Phylis alisema, akimshika bega. "Afadhali aibu."

Kakenya hakuuachilia ukingo. Alikuwa ameshaanza kujisukuma.

Margaret akavua shuka lake, akalinyoosha kama pazia. "Lemein, rudi nje. Kaa chini ya dirisha usalimie ukuta."

"Na maziwa?"

"Pea ukuta pia."

Mabega ya Kakenya yakatikisika.

"Mama, ukimchekesha utamuua," Phylis alinong'ona.

Nyayo za Lemein zikafifia. Vidole vya Kakenya vikalegea, kichwa kikarudi juu ya mto.

Kesho yake picha ilionyesha pafu bado limejaa hewa, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Majibu ya uvimbe yangengojewa, hilo alilijua. Alinishika mkono, akaniaga "Sere" kwa sauti hafifu, kisha akatoka polepole na Margaret kwa mlango wa jikoni, maana Lemein alikuwa mlango wa mbele. Mimi nilibaki, mguu juu ya mito miwili.