Mikono Miwili ya Kushoto

Matokeo yalipotangazwa, saa tano asubuhi, Mama Mkasi alikuwa na kola ya shati mkononi na pini tatu mdomoni. Alizitoa pini moja moja na kuzichomeka mahali pake, maana furaha ni furaha lakini pini ni pini, kisha akapanda kigoda na kucheza. Alicheza kwa mabega tu, kwa kuwa kigoda kilikuwa kinayumba, na futi kamba iliyoning'inia shingoni ikacheza naye.

Chama chake kilikuwa na alama ya ngazi. Kilichoshindwa kilikuwa na alama ya ndoo. Kwa hiyo tangu kampeni zianze watu wa mtaa ule walikuwa wa Ngazi au wa Ndoo, na hata chumba kile cha ushonaji, chenye mlango mmoja na dirisha moja, kilikuwa na wa huku na wa kule. Mama Mkasi, aliyekata vitambaa, alikuwa Ngazi. Wifi yake, aliyevishona, alikuwa Ndoo. Wifi huyo alikuwa dada wa mumewe, na kwa miaka kumi na mmoja kila nguo iliyotoka pale ilikuwa imepita kwanza mezani kwa mmoja, kisha kwenye cherehani ya mwenzake.

Asubuhi hiyo walikuwamo pia kinyozi wa mlango wa pili, aliyekuja kusikiliza redio, na mwalimu mstaafu, aliyekuja kupunguziwa suruali ambayo haikuwa na haja ya kupunguzwa.

"Ndoo imetoboka, mwalimu," kinyozi akasema.

"Haijatoboka. Imeinamishwa. Tungoje vituo vyote vihesabiwe."

"Vimeshahesabiwa vyote. Umebaki kuhesabiwa wewe."

Wifi hakuinua kichwa. Cherehani yake ilikuwa pembeni kabisa, ikitazama ukuta, na mgongo wake ndio uliokuwa ukiwasikiliza. Mama Mkasi alitaka kumvuta naye aingie kwenye mchezo. Akiwa bado juu ya kigoda, akamwambia:

"Wifi, usinune bwana. Kushindwa si umeshazoea?"

Watu wakacheka. Ndoo walikuwa wameshashindwa chaguzi nne mfululizo, na hii ilikuwa ya tano; hilo ndilo alilokusudia. Lakini wifi alikuwa ameolewa mara mbili na kuachika mara mbili, na mara ya pili ndiyo iliyomleta kwa kaka yake na sanduku moja na cherehani ile ile. Mama Mkasi alilisikia neno lake pale tu lilipokuwa limeshafika chini. Cherehani ikanyamaza. Kisha ikaanza tena, polepole, kama mtu anayetembea akihesabu hatua.

Mama Mkasi alijaliwa mengi. Aliweza kumwangalia mtu akipita upande wa pili wa barabara na kusema kiuno chake, na asikosee hata kwa upana wa kidole. Alikuwa amejifunza kukata tangu utotoni, akitumia magazeti ya zamani ya baba yake, mara nyingine kabla baba hajayasoma. Aliimba akifanya kazi, akagombana na redio, akawapa wateja ushauri wasiouomba. Neno moja tu lilikuwa zito mdomoni mwake, nalo ni samahani. Lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na kila siku aliyolichelewesha lilizidi kukua.

Basi wakaanza kusemeshana kwa kupitia watu.

"Mwalimu, niombee mkasi mdogo kwa huyo mwenzako wa Ndoo."

"Mwalimu, mwambie mkasi upo chini ya kiwiko chake."

"Mimi nimekuja kwa suruali," mwalimu alisema, lakini alikuja kila siku, na alifurahi kuwa mjumbe.

Nyumbani hali ilikuwa hiyo hiyo. Mume wa Mama Mkasi, fundi wa mabomba, alikula akiwa katikati yao na kupitisha chumvi kulia na kushoto. Wote wawili walishamuuliza alimpigia nani kura.

"Nilipiga pale pasipovuja," alijibu, na hapo ndipo ilipoishia.

Siku ya nane wifi alisimama mlangoni na mwenye mkokoteni. Mama Mkasi, akiwa amejifanya anapima pindo, alisikia kila kitu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na chumba kinachotafuta mpangaji. Jumamosi asubuhi, gauni la bibi harusi likishachukuliwa, mkokoteni uje kuchukua cherehani.

Mama Mkasi alipima pindo lile lile mara tatu na kupata vipimo vitatu tofauti.

Gauni lenyewe lilikuwa la muuguzi wa zahanati ya jirani, msichana mwenye haraka, aliyekuwa aolewe Jumamosi mchana. Satini nyeupe, mikono mirefu ya kubana, na nyuma mkia wa kuburuta chini. Mama Mkasi alilikata siku hiyo hiyo ya mkokoteni, akili yake ikiwa ng'ambo ya barabara. Alikishika kitambaa kwa vidole vinne, kidole chenye wino wa kura akikiweka mbali na weupe.

Sasa, satini ina uso na ina mgongo. Uso unang'aa, mgongo umefifia. Ukitaka kukata mikono, unakunja kitambaa uso kwa uso, unakata mara moja, unapata wa kulia na wa kushoto. Ukilaza vipande viwili vyote vikitazama juu, unapata mikono pacha, na pacha hao wote ni wa upande mmoja. Zamani, mwaka wa kwanza wa kazi yao, waliwahi kuharibu koti la watu kwa namna hiyo. Tangu hapo walijiwekea utaratibu. Kabla mkasi haujaingia, Mama Mkasi aliuliza, "Uso kwa uso?" Wifi aligeuka, akatupa jicho, akajibu, "Uso kwa uso." Ndipo mkasi ukaingia. Hawakuwahi kuuvunja, hata kwa nguo za wanasesere.

Siku hiyo Mama Mkasi alifungua mdomo kuuliza. Mwalimu hakuwapo. Kinyozi hakuwapo. Hapakuwa na mtu wa kumpitishia swali. Akafunga mdomo, akakata.

Alhamisi adhuhuri, barabara ikiwa imetulia kwa jua na mlangoni hakuna mtu, cherehani ilinyamaza ghafla. Mama Mkasi akaendelea kupiga pasi shati lililokwishanyooka.

"Wifi," ile sauti ikatoka pembeni, baada ya siku tisa. "Hivi huyu bibi harusi ana mikono mingapi ya kushoto?"

Mama Mkasi akaiweka pasi chini. Akaja. Wifi alikuwa amebandika mkono mmoja begani pake, ukakaa vizuri. Mwingine aliushikilia penye bega la pili, na kiwiko chake kilitazama kifuani, kana kwamba bibi harusi alikuwa akijikuna.

Walitazama. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, na duka lililoiuza satini ile lilishauza ya mwisho. Mambo yalikuwa mabaya kiasi kwamba wifi aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutetemeka, na Mama Mkasi akadhani analia. Hakuwa analia.

"Ataingiaje kanisani?" wifi alisema kwa tabu. "Ataingia kwa ubavu."

"Kama kaa."

"Bwana harusi avishe pete mkono upi?"

"Achague. Yote ya kushoto."

Wakacheka mpaka Mama Mkasi akakaa chini sakafuni kati ya vipande vya kitambaa, na kila mmoja alipotaka kunyamaza mwingine alikuwa akiinua ule mkono. Kicheko kilipokwisha kiliacha nafasi, na kwenye nafasi hiyo Mama Mkasi akaanza kufumua mshono, maana kusema ukiwa na kazi mkononi ni rahisi kidogo.

"Lile neno la siku ya matokeo. Nilikuwa nasema kura."

"Najua."

"Sikuwa nasema habari za ndoa."

"Najua, wifi. Ungetaka kusema habari za ndoa ungeshuka kwanza kwenye kigoda."

"Basi mbona siku zote tisa?"

Wifi alikata uzi kwa meno. "Kwa sababu wewe ulisema kura, lakini waliocheka hawakuchekea kura. Niliwaona. Kinyozi alicheka, halafu akaniangalia haraka, halafu akaangalia redio. Mimi nakaa na wewe nyumbani, nakujua. Wale ndio wanaondoka na neno."

Mama Mkasi aliufumua mshono mpaka mwisho, akaunyoosha uzi juu ya goti, akautazama mkia wa gauni uliolala sakafuni, mpana, mrefu, usio na kazi.

"Mkono wa kulia upo pale," akasema.

"Uso kwa uso?"

"Mara hii tutaangalia wote."

Muuguzi alipokuja kujaribu asubuhi ya Ijumaa, wanawake wale wawili walisimama pamoja kama watoto waliovunja kikombe. Aligeuka mbele ya kioo, akatazama nyuma. Mkia ulikuwa umebaki wa kugusa sakafu tu.

"Umepungua," akasema.

"Kidogo," Mama Mkasi akakubali.

"Afadhali. Nimekuwa nikiota mawifi zangu wanaukanyaga."

Mama Mkasi na wifi hawakuthubutu kutazamana.

Alikuwa bado mbele ya kioo wakati mwalimu alipoingia na suruali yake, na kinyozi nyuma yake, wakibishana kama siku zote. Mwalimu akaketi; alikuwa amesoma kwamba kituo kimoja kilikuwa na kura nyingi kuliko watu. Kinyozi alisema watu wa kituo hicho wanapenda kupiga kura, ni kosa lao? Mama Mkasi akaipunguza redio. Hakuwahi kuipunguza kwa hiari yake, kwa hiyo wote wakageuka.

"Nina tangazo."

"Wamehesabu upya?" mwalimu akauliza, macho yakimng'aa.

"Siku ya matokeo nilimwambia wifi yangu kwamba kushindwa ameshazoea. Mkacheka. Nilikosea. Huyu aliingia mlango huu na sanduku moja na cherehani. Leo nusu ya mtaa huu wamevaa mikono aliyoishona yeye, na mwalimu umekaa juu ya mshono wake sasa hivi. Sijaona bado kitu alichoshindwa. Kama ni kura, hizo mmeshindwa nyote wa Ndoo, msimwachie peke yake." Kisha, kwa sauti ya mtu anayetoa mwiba: "Samahani, wifi."

Kinyozi alitazama viatu vyake. "Na mimi nilicheka," akasema. "Niwie radhi, dada."

"Mimi sikushindwa," mwalimu akasema. "Mimi nimecheleweshwa."

Hapo hata muuguzi akacheka, na pini moja ikamchoma, akaendelea kucheka. Wifi alikuwa ameinama kwenye pindo la gauni. Hakuinuka mara moja.

"Matokeo nimeyapokea," akasema.

Lakini kuhusu Jumamosi hakusema neno, na Mama Mkasi hakuuliza. Gauni lilichukuliwa jioni hiyo limefungwa kwenye shuka safi. Nyumbani walipitishiana chumvi wenyewe, na fundi wa mabomba, aliyekuwa ameshanyoosha mkono, akaurudisha taratibu na kuendelea kula. Bado habari ya mkokoteni haikutajwa.

Jumamosi asubuhi mkokoteni ulifika, ukisikika kutoka mwanzo wa mtaa kwa kelele za gurudumu lake moja. Mama Mkasi alishika chaki na kuchora mstari usiokuwa na kazi kwenye kitambaa kisichokuwa cha mtu.

"Mashine ni ipi?" mwenye mkokoteni akauliza, akikunja mikono ya shati.

"Hii hapa," wifi akasema.

"Inakwenda ng'ambo?"

Wifi aliinuka, akajifuta uzi kwenye sketi, akatembea hadi dirishani, mkabala na meza ya kukatia. Akagonga sakafu kwa kisigino.

"Inakuja hapa. Nimechoka kutazama ukuta. Nataka nikae nikimwona huyu anavyokata vitambaa vya watu."

Mwenye mkokoteni alipima kwa macho. "Hatua nne?"

"Tano, kwa miguu yako."

"Dada, nimekuja na mkokoteni."

"Uache nje. Una mikono miwili, wa kulia na wa kushoto. Si wote wamejaliwa."

Mama Mkasi alikuwa ameinama juu ya meza. Chaki ilikuwa imevunjika vidoleni na alikuwa akicheka bila sauti, na machozi yalidondoka kwenye ule mstari wa bure na kuufuta. Kisha akazunguka meza, akashika upande mmoja wa cherehani, mwenye mkokoteni upande wa pili, na ile mashine nzito ya chuma ikasafiri safari yake fupi huku wifi akitembea mbele kama polisi wa msafara.

"Ndoo wamehamia dirishani," kinyozi akapiga kelele kutoka mlangoni pake. "Mwalimu aambiwe."

Ilipokaa sawa, Mama Mkasi akampa yule bwana maji ya kunywa.

"Na wewe kaka, wewe ni wa wapi? Ngazi au Ndoo?"

"Mimi?" Alikunywa mpaka mwisho. "Mimi sikupiga."

Mama Mkasi akakichukua kikombe kitupu.

"Hukupiga," wifi akasema.

"Foleni ilikuwa ndefu."

Mama Mkasi akamvutia kiti. "Keti."

"Nina mzigo mwingine unaningoja, mama."

"Mzigo hauna miguu. Keti, kaka," wifi akasema, naye akaja kusimama upande wa pili. "Foleni ilikuwa ndefu kiasi gani?"

"Maana sisi tulisimama toka alfajiri," Mama Mkasi akaanza.

"Na huyu akiwa na goti bovu," wifi akamalizia.

Wakaendelea hivyo, mmoja akifungua sentensi na mwenzake akiifunga, na yule bwana katikati akigeuza kichwa huku na huku, akitafuta pa kuiweka kofia yake.