Safari ya Jembe Kwenda Silicon Oasis

Niliondoka Al Mankhool, mtaa ninaoishi, siku yangu ya mapumziko kwenda kutafuta jembe. Najua ninyi wa nyumbani mtacheka, maana huko jembe liko nyuma ya kila mlango. Mimi nasafisha vyumba hotelini Dubai, na tangu nifike sikuwa nimeona jembe, wala udongo wa kulilimia.

Ilikuwa miaka michache kabla ya korona. Wilaya moja ya kwetu Tanga ilipatana na chuo kimoja cha Silicon Oasis, pembezoni mwa jiji hili, kwamba Watanzania tunaofanya kazi hapa, tulioacha sekondari njiani, tumalizie kidato cha nne. Chuo kingetoa madarasa na walimu. Wilaya ingetusajili kwa mtihani, na ikamtuma Mwalimu Mbelwa aje kutupokea. Pamoja naye zikaja fomu za kujiunga, zilezile za nyumbani, bila kubadilishwa hata nukta: kila mwanafunzi afike na jembe lenye mpini na fyekeo, vyote viandikwe jina. Usajili ulikuwa siku hiyo moja tu ya mapumziko yangu, mwisho saa tisa alasiri.

Happy, ninayelala naye chumba kimoja na niliyeomba naye nafasi, aliniambia nisijitie wazimu. Hakuna mtu angebeba jembe Dubai.

Nakiri kwamba mimi siwezi kupuuza agizo. Nikitandika kitanda cha mgeni narudi mara mbili kuangalia kona za shuka. Na fomu ile nilikuwa na sababu ya kuiogopa. Nilipokuwa kidato cha tatu nilirudishwa nyumbani nikalete fyekeo. Nyumbani nikamkuta mama anaumwa, nikakaa kumuuguza, na fyekeo lilipopatikana nilikuwa nimeshazoea kuwa mtu asiyesoma. Kilichofuata nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu chakavu, kwenye stoo ya mashuka, mlango ukiwa umefungwa.

Asubuhi nilifika karibu na bandari ya Al Hamriya, kwa Bwana Seif, mfanyabiashara wa Kizanzibari anayepeleka bidhaa Afrika Mashariki. Ghala lake lilijaa friji zilizotumika, matairi, na kwenye kona, maboksi ya majembe. Nilifurahi nikataka kulia. Nikamweleza shida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama karatasi iliyobandikwa kwenye boksi.

"Mwanangu, majembe haya yenda Tanga," alisema. "Nawe watoka Tanga, waja kulipokea huku?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi umelifupishia safari."

Hakutaka kuchukua chochote. Mafyekeo hakuwa nayo. Mpini pia haukuwepo, lakini alimwita fundi wake achonge mmoja kwa mbao ya kreti. Ulitoka umepinda kidogo. Nikaomba usuguliwe. Ukasuguliwa. Nikaomba tena. Fundi akasema khalas, imetosha, akaondoka. Nikaandika jina langu kwa kalamu nzito, herufi kubwa: REHEMA SHEKIFU.

Kwenye treni nilijua walinzi wasingeniruhusu na chuma kile, kwa hiyo nililifunga kwa kanga, kichwa cha jembe nikakilaza begani. Sikukusudia lifanane na kitu chochote. Lakini nilipoingia behewa la wanawake, mama mmoja Mfilipino aliinuka upesi akanipisha kiti. Mwingine akapunguza sauti ya simu yake. Yule Mfilipino akaniuliza taratibu kama ni wa kiume au wa kike.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikasema wa kiume. Akauliza jina. Kichwa changu kilikuwa kitupu kabisa, nikasema anaitwa Jembe. Akasema ni jina zuri. Baada ya hapo nikaona nisipombembeleza watashangaa, basi nikambembeleza vituo vyote vilivyobaki, na niliposhuka nilimshika shingo vizuri.

Saa nane mchana basi lilinishusha Silicon Oasis. Chuo kilikuwa jengo la vioo, na mbele yake uwanja wa majani ya kijani yaliyopendeza mno. Nilipokanyaga nikagundua ni plastiki. Wenzangu kumi walikuwa wamekaa kwenye ukingo wake, Happy akiwa wa kwanza kuniona.

"Jamani, kalileta kweli," alisema, na hakuwa ananicheka. Alikuwa amechoka.

Kumbe Mwalimu Mbelwa alikuwa amemkataa kila mmoja. Agizo ni agizo, asingeweza kutia saini kwa mtu asiye na kifaa. Nikachukua jembe langu niingie. Mlinzi, kijana wa Kiganda, akaweka mkono mlangoni.

"Madam, hii kitu haiingii. Kanuni ya chuo. Silaha hapana."

Nikamweleza kwamba Mwalimu lazima alione. Akasema Mwalimu naye kadi yake ya mgeni ikishatoka nje hairudi ndani mpaka kesho. Kwa hiyo jembe lisingeweza kuingia, na Mwalimu asingeweza kutoka. Tukatazamana. Mwisho mlinzi akapata wazo: Mwalimu asimame ndani ya mlango wa kioo, mwanafunzi asimame nje, ainue jembe.

Ndipo Happy akaniomba nimwazime, dakika moja tu. Mliosoma shule za nyumbani mnajua mchezo huu: mmoja ana jembe, wote wanakaguliwa. Nilimpa. Akaliinua mbele ya kioo, Mwalimu akatia alama kwenye karatasi yake, Happy akampa anayefuata. Likazunguka mikono kumi. Nami, kwa kuwa nilitaka kila mtu apone, nikajiweka mwisho.

Zamu yangu ilipofika, Mwalimu alimwomba mlinzi afungue mlango kidogo.

"Jembe hili nimeshaliona," alisema.

Wenzangu wote wakaanza kusoma anga. Nikasema ni langu. Akasema kila mtu amemwambia hivyo. Sikuweza kuwataja wenzangu, na sikuweza kusema uongo mwingine. Wa treni ulikuwa bado unaniuma. Nikageuza mpini, jina likaelekea kwake.

"Nimelisoma jina hilo mara kumi leo," alisema Mwalimu Mbelwa. "Nilikuwa namngoja mwenyewe." Akashusha macho kwenye karatasi. "Na fyekeo?"

Kumbe wale wengine hakuwauliza. Labda aliona kwangu ndipo pa kuuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyefuata maagizo.

"Sikulipata, Mwalimu."

"Basi ukalilete."

Ilikuwa imebaki robo saa. Nikahisi tena vumbi la njia ile ya kutoka shuleni, na sauti yangu ikatoka kabla sijaipanga.

"Siendi, Mwalimu. Mara ya kwanza nilikwenda kulileta, ndiyo maana niko hapa. Nikiondoka tena sirudi."

Alitazama juu ya bega langu, kwenye uwanja ule wa kijani. Happy, ambaye hajui kutulia, akainama akavuta jani moja kwa nguvu, likanyumbuka, likarudi mahali pake.

"Hayakui haya," Mwalimu alisema, kama anayejishauri mwenyewe. Akatia saini.

Jioni nilirudi Al Mankhool mikono mitupu, na kwenye treni nilisimama njia nzima kama watu wengine. Nimejifunza kwamba mlango wa shule una watu wanaoulinda, na kwamba wengine kati yao wanatafuta sababu ya kukuruhusu, ila hawawezi kuitamka kabla yako. Bado naangalia kona za shuka mara mbili, hilo halijapona.

Jembe lilibaki mapokezi, maana wilaya, kwa mdomo wa Mwalimu, ilisema sasa ni mali ya shule, si silaha tena, na chuo kikasema kitu kisicho na utambulisho hakikai jengoni. Mlinzi akalivika kadi ya mgeni. Mimi nilipewa ya mwanafunzi.